Rangi Uliyoichagulia Asubuhi

Baba Zawadi, popote ulipo,

Barua hii sikuitia kwenye bahasha, maana sijui niandike mji gani juu yake. Nimempa mwenye boti anayeshusha mizigo Kalundu, yule mwenye sauti nene, na nimemwomba aisome kwa sauti kila ufuko atakaofunga kamba kuelekea kusini. Watu watasikia mambo yetu. Waache wasikie. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema mdomo wa mke wako hauna mlango, basi leo acha utusaidie.

Mdogo wako yuko hapa uani. Amekuja kutoka Kavimvira na mkeka wake, anangoja neno langu ili tukae matanga yako. Anasema ni aibu kwa ukoo mtu kupotea tangu vita vya waasi bila kuliliwa, na mimi nikae kama mke ilhali ni mjane. Simlaumu. Ni shemeji mwema, naye amechoka kukungoja. Juzi nilikubali. Jana asubuhi nikakataa, na nataka ujue sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ni kazi ya mikono yako.

Unalikumbuka lile gari dogo la mbio? Najua ni swali la kijinga. Siku zile baada ya dipanda, uhuru ukiwa bado mbichi, askari walipoasi na Wazungu wakawa wanakimbilia ng'ambo, Usumbura, kijana mmoja wa Kizungu aliyekuwa akisimamia pamba bondeni Ruzizi alikuja nalo mbio mpaka kwenye kizuizi cha Kavimvira, akaligonga lori lililosimama. Madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu la mbele, ikakunjamana yote. Gareji yenu ilikuwa pale pale karibu. Alikupa ufunguo, akasema ulitengeneze, atarudi kulichukua, kisha akavuka mpaka kwa miguu na sanduku lake. Patroni wako, mwenye gareji, naye akamfuata. Ukabaki peke yako na gareji tupu, na gari la viti viwili, lisilo na paa, buluu ya kupendeza mpaka watoto walikuja kuligusa kwa kidole na kukimbia.

Kila mtu alikushauri ulifungue uuze vyuma. Mimi pia nilikushauri, sikatai. Wewe ukatujibu huku unagonga bati kwa nyundo ya mbao: "Kazi nilishaipokea. Muntu akikuachia mutoto mugonjwa, utangoja mama yake arudi ndiyo umupe dawa?"

Kunyoosha bati hakukukuchelewesha. Rangi ndiyo iliyokutesa. Stoo kulikuwa na kopo la rangi yenyewe, jina lile lile, na ulipoipuliza kwenye madigadi ilitoka ngeni kabisa. Kopo halikuwa na kosa. Gari ndilo lililobadilika, kwa jua la bondeni na vumbi lake. Siku hiyo nilikuletea bugali na ndagala, na hukuviangalia. Ulinishika mkono ukanivuta mbele ya gari.

"Mama Zawadi, weye unauzisha bikwembe. Macho yako iko inajua rangi kunipita. Angalia."

Ni kweli, kazi yangu sokoni ilikuwa kumwambia mteja kama kitambaa hiki na kile vimetoka jora moja. Nikakuambia inahitaji nyeupe kidogo. Ukatia nyeupe. Nikasema sasa imekuwa ya baridi mno, tia manjano, lakini kwa ncha ya kijiti tu. Ulikuwa ukipaka kila mchanganyiko kwenye kibati, mstari chini ya mstari, tunangoja ukauke ndipo tuseme neno, kwa sababu rangi mbichi ni mwongo. Bugali ukapoa. Nilijifanya nimekasirika kwa ajili ya chakula, lakini moyoni nilikuwa nafurahi, maana hukuwahi kunihitaji vile.

Kisha tukakosea, wewe na mimi pamoja. Tuliichagua rangi alasiri, kivuli cha mlima kikiwa kimeshatua juu ya mji kama kawaida yake, na madigadi ikawa moja na gari, tukapeana mikono. Asubuhi jua likatoka ziwani, likapiga gari kwa upande, na madigadi ikaonekana kama mtoto wa kambo kwenye picha ya familia. Mgeni wa Bukavu asingefanya kosa lile. Sisi tuliozoea kufanya mambo yetu ya maana jioni, mlima ukishatupa ubaridi, ndio tunaolifanya. Ulichukua msasa, ukakaa chini, ukaanza kuikwangua kazi ya siku nyingi.

Tangu hapo ukawa unalipeleka gari ufukweni kila kulipopambazuka. Petroli ilikuwa haipatikani, kwa hiyo lilisukumwa, na Kavimvira nzima ikapata mchezo. "Fundi anapeleka bibi yake kuoga," walisema, na mimi nikiwa nyuma nasukuma pamoja nao. Wavuvi waliokuwa wanarudi na mitumbwi walisimama na kutoa hukumu kama mahakimu. Huyu anasema iko nzito, yule anasema iko nyepesi. Asubuhi moja yule mzee mwenye jicho moja alilizunguka gari, akainama, akasimama, akasema: "Minye naona gari moja tu." Ulikaa mchangani ukacheka mpaka ukafuta machozi.

Alasiri ya siku ile nilikuonyesha mstari mwembamba uliotokea kivuli kiliposhuka, pale bati jipya lilipokutana na la zamani. Nilidhani utachukua msasa tena. Ulinijibu taratibu, na maneno yale nayakumbuka kuliko ya padri siku ya ndoa yetu: "Rangi haiwezi kukubali kila mwangaza. Lazima uchague moja. Minye nimechagua asubuhi."

Yule Mzungu mwenye gari hakurudi. Miaka ikapita, gari likawa linalala gareji chini ya turubai. Jumapili moja ulipata petroli, sijui kwa nani, ukatupakia mimi na mtoto wetu Zawadi kwenye kiti kimoja, ukatukimbiza kutoka Kavimvira mpaka Kalundu. Kilemba changu kiliruka kikaangukia mihogoni. Nilipiga kelele urudi tukichukue, na wewe ukazidisha mwendo. Baba Zawadi, nilikupenda siku ile mpaka nikaogopa.

Halafu waasi wakaingia mjini. Gari kama lile halifichiki. Komanda wao mmoja alilitaka, na hapakuwa na mwingine wa kuliendesha ila wewe. Walikuja mchana nikiwa naanika nguo. Hawakukupiga, walikuambia tu twende. Uliingia ndani, nikadhani umekwenda kuchukua koti. Ukatoka na kopo la maziwa lenye ile rangi iliyobaki, umelifunga mdomo kwa mpira wa tairi, ukaliweka chini ya kiti.

Nikakuuliza, "Unapeleka rangi ku vita?"

"Barabara ya Fizi iko mubaya. Itakwaruzwa."

Nilingoja uniambie neno la mke na mume. Uliwasha gari, ukaniangalia, ukasema: "Uchunge kile kibati." Ukaondoka na watu wale. Nilibaki na nguo mbichi mikononi, nimekasirika. Nimekaa na hasira ile muda mrefu, na nakuambia ukweli, ilinisaidia, maana mtu mwenye hasira hupika, hulima, hulea.

Askari wa serikali walipokuja kuurudisha mji, sisi tulikimbilia juu milimani, Bijombo, Zawadi mgongoni. Wafugaji walitupa maziwa na pembe ya nyumba. Sufuria niliziacha, godoro niliacha. Kibati nilikifunga ndani ya kikwembe nikalala nacho chini ya kichwa. Waliorudi kutoka kusini baadaye walisema kila mmoja lake. Mmoja alikuona mjini Baraka. Mwingine alisema gari lilipigwa risasi njiani na hakutoka mtu. Nikaacha kuwauliza.

Juzi nilishuka Kalundu kununua ndagala. Mwenye boti alikuwa amezimimina kwenye chombo kikubwa kilichopinda, na chini ya magamba na matope nikaona buluu. Nikakaa juu ya gunia la mtu. Nilimwuliza alikitoa wapi.

"Ku wavuvi wa kusini, upande wa Ubwari. Nao waliikuta hivi, ilishafunguliwa muzuri, boliti moja moja. Mama, uko unalia juu ya bati?"

Nilimpa kikwembe kizima, nikaibeba kichwani mpaka nyumbani. Ilikuwa ni madigadi yetu, Baba Zawadi. Nilipapasa kwa ndani nikakuta alama za nyundo yako. Nikakuta na matundu mawili ya risasi yaliyozibwa kwa masitiki. Kwa nje, mahali pa matundu palikuwa na kiraka cha rangi kama kiganja cha mkono. Ilikuwa alasiri, mlima umeshafunika ua, na kiraka kilionekana wazi kabisa.

Shemeji aliangalia, akavua kofia. "Shemeji, risasi ndiyo hizi. Na fundi mwingine amekuja kuziba, hata rangi haikumukubali. Kaka hayuko tena. Tumulilie."

Nikalia. Nikamwambia sawa, atume habari, watu wa ukoo waitwe. Kwa kuwa hatuna mwili, tukakubaliana madigadi ilazwe katikati ya nyumba juu ya mkeka, watu waizunguke. Ilikuwa inanuka samaki, na sikutaka ulale unanuka. Ndiyo sababu jana alfajiri nikaibeba mpaka ziwani kuiosha, na kibati nikakichukua, nikilenga kukulaza nacho.

Niliiosha vizuri kwa mchanga laini na sabuni. Jua likachomoza upande wa Burundi, likaja juu ya maji, likapiga bati. Kiraka kikapotea.

Nilidhani ni machozi. Nikajifuta, nikaigeuza huku na huku, nikatafuta kwa macho yangu haya yaliyouza vikwembe tangu usichana. Hakuna. Nikaanza kupapasa kwa kidole ili nijue kilipo. Nikakumbuka mafundi wote ninaowajua, wa hapa na wa ng'ambo. Wote wanachanganya rangi kivulini ili jua lisiwachome. Ni mtu mmoja tu aliyefundishwa na ufuko huu kungoja asubuhi.

Nikafanya jambo jingine. Nilikwangua ukingo wa kiraka kwa ukucha, kidogo tu, utanisamehe. Rangi ya zamani iliyokuwa chini yake ilikuwa imeshapauka, nyeupe-nyeupe kama nguo iliyoanikwa miaka. Nikaweka kibati chetu pembeni, kibati ambacho hakijaona jua, na kilikuwa cheusi kando yake. Unaelewa ninachosema. Jua halili rangi namna ile kwa mwezi mmoja. Uliziba matundu yale baada ya kiangazi kupita, na kingine, na labda kingine tena. Vita vilishakwisha. Ulikuwa hai, umekaa mahali penye ziwa, una nyeupe ya kuongeza kwenye kopo la maziwa, na una utulivu wa kungoja jua litoke.

Nilimwita shemeji. Alikuja na usingizi wake. Nikamwambia anionyeshe kiraka. Alitazama, akapiga magoti, akatazama tena kwa muda mrefu.

"Minye sioni kiraka," alisema, na akakaa mchangani.

Sasa sikiliza. Nimefurahi mpaka nimeimba njiani, na nina uchungu ambao sikuwa nao nilipokuamini umekufa. Ulikuwa hai na hukuja. Maiti ina udhuru, wewe udhuru wako siujui. Labda ulifungwa. Labda ulivuka Kigoma na ukaambiwa sisi tuliisha. Labda ugonjwa ulikuchukua rangi ilipokauka tu. Na kama kuna mwanamke mwingine, basi naye anasikia barua hii, mwambie bugali wako usiwekwe mezani ukiwa wa moto sana, unaunguza ulimi halafu unasingizia mpishi. Nitakugombeza ukifika. Lakini fika.

Nimekukosa asubuhi hasa. Jioni nina majirani na Zawadi, ambaye sasa amenizidi urefu na ana kicheko chako. Asubuhi natoka nje na chai, naangalia maji, na hapana mtu wa kuniuliza kama naona gari moja au mawili.

Shemeji ameniuliza awaambie nini watu wa ukoo wanaokuja. Alasiri, kivuli kikishuka, kila anachosema ni kweli: matundu yanaonekana, kiraka kinaonekana, na mimi ni mjane. Nimemwambia siwezi kukubali kila mwangaza, na nimeshachagua. Amekunja mkeka wake. Madigadi nimeisimamisha ukutani, upande unaotazama ziwa.

Kibati nimekichunga.

Mke wako,
Mama Zawadi