Mgunga Ulioegemea Nyumba Yangu

Jumatano, 1 Februari 1967
Mwanangu Sahra ametia mbegu ya mgunga puani sasa hivi. Nimeitoa, akacheka, akaifuata tena. Mti umeegemea nyumba yetu. Nyumba niliijenga mimi, kwetu mwanamke ndiye mjenzi. Askari walipotuleta kambini walipiga ngamia risasi, kwa hiyo nusu ya nyumba hii nilibeba mgongoni.

Ijumaa, 3 Februari
Wameletwa wengine. Tumebanana, namsikia jirani akijikuna. Amri: miti yote ikatwe, waasi wa shifta wasijifiche, nyumba zipate nafasi. Sisi hupunguza matawi tu, mti mbichi hatuangushi. Umebaki huu mmoja.

Jumatatu, 6 Februari
Nimemwendea sajini na Kiswahili changu cha darasa la tatu. Nikamwambia mimi na Eedo Faduma, shangazi ya mume wangu, tutapunguza nyumba zetu, wageni wapate mahali, mti ubaki. Eedo alinung'unika. Akaniuliza mume wangu akirudi atalala wapi, tawini? Kisha akakubali.
Sajini alicheka. “Haya mama, kaa na mti wako.”
Watoto wa kambi wamelala kivulini. Nina furaha.

Alhamisi, 9 Februari
Abdi, mwana wa Eedo, alichelewa malishoni. Akakuta lango la kambi limefungwa. Askari wamemfunga kwenye mgunga, upande wa jua. Hakuna mti mwingine wa kumfungia. Nilipeleka maji, nikasukumwa na bunduki. Alasiri kichwa kiliinama.
Amekufa.

Ijumaa, 10 Februari
Tumemzika. Eedo hakulia. Alisema polepole, “Wewe ndiye uliyewaachia nguzo.”
Ni kweli.

Jumapili, 12 Februari
Amefungwa mwingine. Huyu yu hai. Niliomba ukatwe. Sajini anasema sasa ni mti wa serikali.
Nauchukia.

Jumanne, 14 Februari
Mbavu za nyumba zetu, zile fito zilizopinda, ni mizizi ya mgunga. Kila mwanamke hapa anajua inakopita. Tunachimba na kuikata ndani, chini ya mkeka wangu, mti uanguke. Mizizi tunaitoa nje kama kuni, askari wasijue. Eedo ndiye aliyeanza.

Ijumaa, 17 Februari
Umebaki mzizi mmoja mnene, tunaukata usiku huu. Mti utaangukia nyumba yangu. Sijali. Sahra amelala kwa Eedo, amekumbatia kanga yangu. Ile mbegu ya puani nimeifunga kwenye pindo la shuka. Tukiachiwa nitaipanda mbali na lango lolote, mahali ambapo Sahra ataweza — Eedo ananiita