Kamera ya Mlangoni Inaishiwa Chaji

Joyceline,

Chai ipo kwenye chupa. Kamera ya mlangoni naichaji, usiirudishe mpaka nije. Kwenye simu, fupisha video na upunguze usikivu wa kamera isijiwashe ovyo, chaji ikae angalau wiki.

Nisamehe kwa kukugombeza jana kwamba unaichezea. Asubuhi hii nimetazama video. Kila siku saa nne, nikiwa dukani Kariakoo, inajiwasha mara thelathini. Koridoni hakuna mtu, lakini kuna anayebisha hodi: "Joy, nifungulie mwanangu, nina mizigo." Ni sauti yangu kabisa.

~~Usiogope.~~ Ogopa, maana hata mimi nimeogopa. Nimemfuata mjomba wako Polycarp, nije naye. Saa nne ikifika kaa chumbani, usiitike. Mimi nina ufunguo, nitaingia bila kubisha.

Mama