Kimya cha Wakweka kwenye Zoom

Quakers Hill, Sydney

Kaka yangu Musyoki,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Kifua cha Mama kimetulia? Sisi tu wazima, ingawa korona imetufungia: natoka kazini kwa wazee ninaolipwa kuwatunza, narudi nyumbani, basi.

Nimeanza kusoma historia ya Marekani mtandaoni. Usicheke, mwalimu. Ulinifundisha kwamba siasa yao ilitoka kwa wanafalsafa wa Ulaya. Huku naambiwa hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine ilitoka kanisani, kwa wahamiaji walioahidiana mbele za Mungu kuishi pamoja na kujichagulia wachungaji. Waliozoea kuamua ya kanisa hawakushindwa kuamua ya mji. Najua utauliza, na watumwa je? Na wenyeji walionyang'anywa ardhi? Hawakuitwa kwenye makubaliano hayo. Hilo lilinikosesha raha, maana ushirika wetu wa kanisa hapa nao ulikuwa karibu kuvunjika.

Mchungaji alihamia mji mwingine. Sisi Wakenya ni wengi, Wakongomani wachache. "Tumpigie kura kiongozi mpya, wengi wape," wakasema Wakenya wenzangu. Mama Furaha, jirani yangu Mkongomani anayenikalia na watoto nikiwa zamu, akaniambia watu wake wataondoka. Niliumia. Huku sina dada mwingine.

Basi nikawaeleza washirika wote jinsi Wakristo wa zamani wa dhehebu la Wakweka kule Marekani walivyoamua mambo: hawapigi kura, wanakaa kimya hadi mtu asukumwe moyoni kusema, na hawaondoki hadi wamekubaliana. Wakweka wetu wa Vihiga, wenye ngoma zao, wangeshangaa. Wote wakakubali kujaribu.

Jumapili tukaingia Zoom, tukanyamaza, kila mtu kwenye simu yake. Haikupita dakika, Mzee Balola, shemasi wa Wakongomani, akaanza: "Allo? Allo? Munanisikia? Rezo imekatika!" Akidhani mtandao umekatika, akatoka, akaingia tena, akakuta bado tumenyamaza, akatoka tena. Tulicheka hadi machozi. Kicheko kilipoisha, Mama Furaha akasema polepole, "Siye tulikimbia vita, tukakimbia kambi. Sasa tukimbie na kanisa?"

Hakuna aliyejibu, na safari hii hata Mzee Balola alijua si mtandao. Mwishowe Mkenya mmoja, yule aliyeshikilia kura kuliko wote, akasema Mzee Balola atuongoze hadi tutakapofunguliwa, kisha tukae tena. Kila mmoja akaulizwa kwa jina. Wote tukakubali. Kura tungeshinda, kaka, halafu tungebaki kujiimbia wenyewe.

Jana Mama Furaha aliniwekea mlangoni sufuria ya sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, akasimama mbali, amevaa barakoa yake. "Kesho utakuja kanisa?" Kanisa liko jikoni kwangu, juu ya meza. Nikamwambia nitakuja.

Mpe Mama pole ya kifua, na wifi yangu umwambie kanga alizonitumia ndizo ninazovaa nikiabudu. Watoto wako waambie shangazi yao anawawaza.

Ni mimi mdogo wako Nduku, ambaye bado ana kanisa.