Bastola ya Papa Constant

Molenbeek, le 14 novembre 1994

Yaya Priscille,

Yambo sana, dada yangu. Huku baridi imeanza, na mutoto wetu ameota meno mbili.

Unakumbuka Papa Constant, ule muzee Mubelgiji wa mashindano ya bastola? Bastola yake ilitoka ku duka nzito. Nilimuchongea vipande ku mashine yangu, wiki tatu, mpaka gâchette, kile chuma ya kuvuta na kidole, ikakuwa mwepesi: kidole ikigusa tu, inalia.

Siku ya posho tulienda kuijaribu ku club yake ya kupiga bastola. Alipiga vizuri, akafurahi, akaanza kuhadisia na Swahili yake ya zamani:

"Mwaka ya sitini na saba, ku Bukavu, tulipanga wanaume kumi na mbili ku ukuta ya mission. Mwalimu mumoja akaimba. Nilimupiga ndani ya kinywa."

Yaya, unakumbuka kinywa ya papa yetu, mwalimu, siku tulimuzika.

Nilijaza risasi, nikamupa bastola na mikono mbili. Ikalia. Shingo yake ikapasuka, damu ikanirukia mpaka ku meno. Alipigapiga miguu ku ciment, halafu akatulia.

Polisi waliniuliza. Nikawaambia: kwetu muntu mukubwa anapewa kitu na mikono mbili, basi kidole iliteleza. Wakaandika "accident", wakanipa pole.

Bon. Maman umusalimie, lakini usimusomee hii barua. Polisi hawajui vile papa alitufundisha kupeana kisu. Wewe unajua: kitu ya kuua unaiweka chini, mwenzako anaiokota mwenyewe.

Mudogo wako,
Guylain