Vidonge Kwenye Kopo la Majani ya Chai

Kwako Baba,

Nakusalimu kutoka huku Ujerumani. Natumaini mvua ya Othaya haijawazidi na goti lako limepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Ila wiki nzima sijasikia mtu akiniita kwa jina. Jirani yangu huniitikia kwa kichwa tu, anafunga mlango.

Jumanne dada Wambui alinipigia akilia. Alikuwa akitafuta majani ya chai, akakuta vidonge vyako vya saratani ya damu, vya miezi miwili, umevificha koponi. Nilipokupigia ulisema, "Maitu," kama unavyoniita kwa kuwa nina jina la mama yako, "niko na nguvu. Jana nimechuma chai mpaka jioni. Ati dawa ya nini tena?" Nikakufokea, ukakata simu. Nisamehe, Baba.

Ngoja nikueleze nilichokiona. Hapa maabara nachunguza seli za damu zenye ugonjwa kama wako. Ndani yake kuna protini ziitwazo kinasi. Kinasi ikipokea ujumbe, huibandikia protini nyingine chembe ndogo ya fosfeti. Hiyo iliyobandikwa huingia kwenye kiini cha seli, ikaziamsha jeni, na seli zikazaana. Kwa mwenye afya, ujumbe ukiisha kinasi hutulia. Yako haitulii. Kidonge ndicho huizuia, na ndicho kilichokupa hizo nguvu.

Baada ya simu ile nilirudi kwenye hadubini. Zile protini za kubandikwa tunazitia rangi ya kijani ing'aayo ili tuzione; seli zenye dawa zilikuwa zimetulia, viini vyake vyeusi. Nikaziosha seli ile dawa itoke. Saa moja tu, Baba, viini vikajaa rangi ya kijani: zile protini zimeingia tena kuamsha jeni. Nimeliona jambo hilo mara nyingi na kuliandika tu daftarini. Siku hiyo nililia mpaka mwalimu wangu akauliza kama nimeungua. Nikamwambia, "Ni baba yangu." Akanivutia kiti.

Leo Wambui ameniambia umemeza kimoja mbele yake, umenuna, na Alhamisi utaenda kliniki Nyeri wapime kama ugonjwa umerudi. Sijui watakuta nini, nami niko mbali mno kukaa nawe kwenye benchi.

Msalimie Mama, Wambui dada yangu, na shangazi wa Gatitu.

Ukitoka kliniki nipigie wewe mwenyewe. Hata majibu yakiwa mabaya, usimtume Wambui.

Binti yako,
Wangari