Harufu ya Kivumbasi Katika Maabara ya Kitui

Mama,

Nakusalimu kutoka Kitui mjini. Sweta uliyonilazimisha kubeba imelala tu kwa begi, jua la hapa si la kwetu Kikima.

Leo nilipeleka wanafunzi wangu kuona maabara ya chuo. Dada wa pale alituonyesha vile wanachemsha ngozi ya mbuzi mpaka inakuwa gundi, wanaichanganya na mafuta ya majani ya kivumbasi, kisha umeme unaivuta kutoka kwa sindano ikiwa nyuzi nyembamba kuliko za buibui. Zikipandana zinakuwa kitambaa cheupe cha kufunga kidonda. Bado wanakijaribu. Aliponipa ninuse, nikajiona mtoto tena jikoni kwetu, mguu wangu juu ya mapaja yako, ukinipaka kivumbasi ulichoponda na mafuta ya mbuzi.

"Mwalimu, mbona unalia?" yule dada akaniuliza. "Ni majani tu."

Mama, kile kidonda cha mguu wangu kilipoanza kuoza uliacha kutibu watu. Majirani walikuja ukawarudisha, ukisema mkono wako hauna dawa tena. Sikuwahi kukwambia. Kila asubuhi nilikuwa naosha dawa yako pale mtoni kabla nifike shule, nikiogopa wanafunzi wenzangu wa kanisa watanusa waseme tumeenda kwa mganga.

Dawa yako haikushindwa.

Usibebe maji peke yako, ngoja nije. Kovu bado liko. Jumamosi nikifika unipake dawa yako tena, hata kama haina kazi sasa. Sitaosha.

Binti yako,
Mutheu