Mkono wa Fundi Mwinyijuma

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tanga. Tarehe 23 Aprili 1956, saa tatu asubuhi.
Jina: Mwamvua binti Shehe. Umri: kadiri ya miaka 40. Kazi: kusuka mikeka. Makazi: Mabawa.

Mimi ni mke wa Mwinyijuma Uweso, fundi seremala, ambaye sasa amelazwa hospitali. Nimeonywa niseme kweli, nami sina haja ya kusema jingine.

Alhamisi iliyopita gari la matangazo lilipita mtaani kwetu likisema kwamba lile jumba jipya la utamaduni, lililo karibu na bahari, litafunguliwa Jumamosi kwa watu wote. Nilisikia kwa masikio yangu: watu wote. Mume wangu alifanya kazi pale miezi kumi na sita. Lile paa lililopinda kama gamba la kombe, ambalo watu husimama barabarani kulitazama, zege lake lilimwagwa juu ya mbao alizozikunja yeye. Alizilainisha kwa maji ya moto, akazipinda moja moja. Mimi sikuwahi kuingia ndani. Alitaka nione.

Mnamo tarehe 21 Aprili 1956, saa nne asubuhi, tulifika mlangoni. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Bawabu alikuwa Kristofa, mtu wa Muheza, ambaye alichanganya zege pale kabla ya kupewa kazi ya mlango. Alisema, "Shikamoo, fundi. Karibuni." Tukaingia.

Ndani hakuna kona. Ukuta unakwenda ukijikunja, na ngazi inapanda kwa kuzunguka bila nguzo hata moja. Tulipanda. Kule juu mume wangu aliweka kiganja ukutani akaniambia, "Tazama hapa. Hii ni alama ya ubao wangu wa mvule. Zege limeshika hata nyuzi zake." Niliziona. Nami nikaweka mkono.

Hapo akatokea msimamizi wa jumba, Mzungu, Bwana Halden. Alisema kwa Kiswahili, "Nyie, toeni mikono! Nani kawaruhusu?"

Mume wangu akajibu kwa adabu, "Bwana, mimi ndiye niliyekunja mbao za paa hili. Namwonyesha mke wangu."

"Jumba hili limechorwa Ulaya. Wewe ulibeba mbao tu. Shuka."

"Nitashuka, bwana. Lakini sikubeba tu."

Bwana Halden akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Mume wangu aliporomoka vidato tisa, akaangukia mkono wa kulia. Nilisikia mfupa.

Kristofa alikuwa chini ya ngazi, akiona yote. Bwana Halden alimwuliza, "Umeona alivyoteleza?" Kristofa akatazama viatu vyake, akasema, "Ndiyo, bwana." Ana watoto, najua. Lakini aliona, na jina lake liandikwe.

Jana nimeambiwa kwamba imeletwa barua hapa kutoka kule jumbani isemayo mume wangu alikuwa amelewa, ndipo akateleza. Amelewa! Tulikuwa kumi la kwanza la Ramadhani. Hakutia hata tone la maji kinywani tangu daku. Sakafu ilikuwa kavu. Mwinyijuma hajaonja pombe maisha yake yote. Mwulizeni mtu yeyote wa Mabawa, hata asiyempenda. Wamemvunja mkono, sasa wanataka kumvunjia na dini yake? Daktari amesema mfupa umevunjika mahali pawili, na huenda mkono ule usishike randa tena.

Sikuja kuomba huruma. Nataka iandikwe kwamba alisukumwa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nami nimeyakubali.

(Sahihi kwa herufi za Kiarabu) Mwamvua binti Shehe

Yameandikwa nami, Koplo Safari. Baada ya kumsomea shahidi, nilimwuliza kama angeridhia neno "akamsukuma" liwe "akamgusa", kwa kuwa anayetajwa ni mtu mkubwa. Aliniambia nisome tena tangu mwanzo. Nilisoma. Neno nimeliacha kama lilivyo.